Mashine za Kuigiza Darasani: Somo la Magurudumu ya Meno kwa Programu ya Scratch

Utangulizi

Somo la mashine katika shule zetu hufundishwa zaidi kwa mchoro wa ubaoni. Mwanafunzi huichora nyenzo, kabari na kapi katika daftari lake, akaandika majina pembeni, na siku ya mtihani akayataja yote bila kukosea. Lakini akiulizwa kwa nini gurudumu la nyuma la baiskeli huzunguka upesi kuliko pedeli zinazoliendesha, mara nyingi hunyamaza. Amejifunza majina ya viungo, wala hajajifunza jinsi kiungo kimoja kinavyokiamuru kingine.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza njia moja ya kuliziba pengo hilo, yaani kumfanya mwanafunzi aunde mwenyewe mashine ndogo ya mchezo ndani ya kompyuta, kwa kutumia programu ambayo maagizo yake hayaandikwi kwa herufi bali hupangwa kwa vipande vya picha. Hatukusudii kusema kwamba mashine hiyo ya kuigiza ni bora kuliko mashine halisi. Kinyume chake, tutajaribu kuonyesha kwamba thamani yake kubwa katika mafundisho inatokana na upungufu wake: ndani yake hamna sheria yoyote ya maumbile ila ile aliyoitia mwanafunzi.

Asili ya njia hii

Fikra ya kuwapa watoto kompyuta waiamuru, badala ya kompyuta kuwaamuru watoto, si mpya. Mwaka 1967, huko Cambridge, Massachusetts, katika nchi ya Marekani, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walitunga lugha ya kompyuta iitwayo Logo kwa ajili ya watoto. Baadaye ilisifika kwa kasa wake, ambaye mtoto humwagiza aende mbele hatua kadhaa au ageuke nyuzi kadhaa, naye huacha mstari nyuma yake.

Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, na kabla ya kwenda Marekani alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu aliyechunguza namna watoto wanavyofikiri. Katika dibaji ya kitabu chake Mindstorms, kilichotolewa mwaka 1980, anasimulia kwamba tangu utotoni alipenda mno magurudumu ya meno ya gari, na kwamba magurudumu hayo ndiyo yaliyomfungulia mlango wa hisabati. Alipokutana na milinganyo shuleni aliifananisha na magurudumu yaliyoshikana, nayo ikamwia rahisi.

Mwaka 2007, kundi la watafiti lililoongozwa na Mitchel Resnick katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts lilitoa programu ya Scratch, ambayo tunaweza kusema ni mjukuu wa Logo. Programu hii hutolewa bure. Ikishapakiwa katika kompyuta hutumika hata mahali pasipo na intaneti, na miongoni mwa lugha ambazo mtumiaji anaweza kuzichagua Kiswahili kimo.

Jinsi programu inavyofanya kazi

Mwalimu ambaye hajapata kuiona yafaa aelewe mambo manne.

Kwanza, kuna jukwaa, yaani sehemu ya kioo ambapo mambo hutendeka. Upana wake ni vipimo 480 na kimo chake ni 360, na kitovu chake kina namba sifuri kwa sifuri. Kwa hiyo kila kinachowekwa pale kina mahali pake katika grafu, na mwalimu wa hisabati atalitambua jambo hili mara moja.

Pili, kuna maumbo. Umbo laweza kuwa paka, gurudumu, jogoo, au chochote mwanafunzi atakachochora.

Tatu, kuna vipande vya maagizo. Kila kipande kina agizo moja, kwa mfano “geuka nyuzi 15”, na kina pengo upande mmja na ulimi upande wa pili, hata vipande viwili vikasogezwa pamoja hushikana. Vimepangwa kwa rangi kufuatana na kazi zao: vya mwendo ni vya buluu, vya matukio ni vya njano, vya hesabu na ulinganishaji ni vya kijani. Kipande kisichostahili mahali fulani hakishiki hapo. Hivyo mwanafunzi haangamizwi na makosa ya tahajia kama katika lugha nyingine za kompyuta. Makosa yanayobaki ni yale ya fikra tu, nayo ndiyo yanayomhusu mwalimu.

Nne, kuna bendera ya kijani. Ikibonyezwa, maagizo yaliyofungamanishwa nayo huanza kutekelezwa, na mashine huanza kwenda.

Matayarisho

Kabla ya kompyuta kuwashwa, mwalimu hana budi kuleta baiskeli darasani. Igeuzwe, magurudumu yaelekee juu, na wanafunzi wahesabu meno ya gurudumu la pedeli na yale ya gurudumu dogo la nyuma. Tuseme wamepata 48 na 16. Watie alama ya chaki katika tairi la nyuma, wazungushe pedeli mzunguko mmoja kamili polepole bila kuliachia tairi likimbie lenyewe, na wahesabu ni mara ngapi alama imepita. Watapata mara tatu. Mwalimu asiwaambie kanuni. Awaache waigundue kwamba 48 kwa 16 ni sawa na tatu kwa moja.

Baada ya hapo wachore na kukata magurudumu mawili ya karatasi ngumu, moja la meno 24 na jingine la meno 12, wayabane kwa pini juu ya ubao na kuyazungusha. Hapo wataona jambo ambalo baiskeli haikuwaonyesha. Magurudumu yaliyounganishwa kwa cheni huzunguka upande mmoja, lakini yale yanayogusana meno kwa meno huzunguka pande zinazopingana. Tofauti hii iandikwe ubaoni, maana itahitajiwa.

Kompyuta zikiwa chache, kama ilivyo mahali pengi, wanafunzi wagawanywe katika makundi ya wanne. Mmoja ni msemaji, naye hueleza agizo gani litumike. Wa pili ni mwendeshaji, naye hushika kipanya lakini hafanyi ila aliloambiwa. Wa tatu ni mwandishi, ambaye huandika katika daftari kile kundi linachobashiri. Wa nne ni mkaguzi, ambaye hulinganisha kilichotokea na kilichoandikwa. Kila baada ya jaribio moja wabadilishane. Tumeona kwamba bila mpango huu mwanafunzi aliyezoea kompyuta nyumbani hukishika kipanya tangu mwanzo hadi mwisho, na wengine hubaki watazamaji.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: kuweka magurudumu. Kila kundi lichore gurudumu la meno 24 lenye kipenyo cha vipimo 120, na gurudumu la meno 12 lenye kipenyo cha vipimo 60. Vipenyo hivi vipimwe katikati ya kimo cha meno, mahali magurudumu yanapokutana. Wanafunzi waulizwe: vitovu vya magurudumu hayo viwe mbali kiasi gani ili meno yashikane? Jibu ni nusu ya 120 kuongeza nusu ya 60, yaani 90. Gurudumu kubwa liwekwe katikati ya jukwaa, na dogo vipimo 90 kuliani mwake.

Hapo hutokea tatizo la kwanza. Kama magurudumu yote mawili yamechorwa jino moja likielekea kulia, jino la kubwa na jino la dogo yatakutana ana kwa ana. Gurudumu dogo lina meno 12, kwa hiyo toka jino hadi jino ni nyuzi 30. Ili pengo lielekee mahali palipokuwa na jino, gurudumu hilo ligeuzwe nusu ya hizo, yaani nyuzi 15. Mwalimu asilitoe jibu hili upesi, kwa kuwa mwanafunzi aliyelipata mwenyewe amekwisha kuelewa pembe kuliko aliyefanya mazoezi kumi ya kitabuni.

Hatua ya pili: kuzungusha. Gurudumu kubwa lipewe maagizo haya: bendera ikibonyezwa, daima geuka nyuzi 5 kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kisha mwalimu aulize: gurudumu dogo litafanya nini? Takriban darasa zima litajibu kwamba litazunguka upande wa pili. Jibu hilo liandikwe, kisha bendera ibonyezwe.

Gurudumu dogo halitafanya lolote. Kubwa litazunguka na meno yake yatapita ndani ya meno ya dogo kama moshi upitavyo katika dirisha la nyavu.

Hapa ndipo penye kiini cha somo zima, na mwalimu asiharakishe. Katika mashine halisi, chuma husukuma chuma. Jino haliwezi kupita mahali penye jino jingine, kwa hiyo gurudumu la pili hulazimika kuzunguka hata kama fundi hakuwaza lolote. Katika jukwaa la kompyuta hakuna chuma wala msukumo. Kuna picha mbili zisizojuana. Mwanafunzi akitaka gurudumu la pili lizunguke, hana budi kuliambia lizunguke, na ili aliambie hana budi kujua lizunguke upande gani na kwa kiasi gani. Ile sheria ambayo maumbile humpa fundi bila malipo, hapa mwanafunzi anatakiwa ailete mwenyewe.

Hatua ya tatu: kutia sheria. Makundi yajaribu. Wako watakaolipa gurudumu dogo nyuzi 5 kufuata mishale ya saa, kama kubwa, na meno yatapitana. Wengine watageuza upande lakini wataacha nyuzi 5, na meno yatapitana bado, ingawa si upesi kama kwanza. Mwalimu awarudishe kwenye magurudumu ya karatasi. Mwishowe watafikia kwamba dogo linahitaji nyuzi 10 kinyume cha mishale ya saa, kwa sababu 24 kwa 12 ni mbili kwa moja. Meno yakianza kushikana vizuri, darasa hushangilia, na hakuna haja ya mwalimu kusema “vema”, maana mashine yenyewe imekwisha kusema.

Hatua ya nne: kumleta jogoo. Mashine isiyo na mchezo huchosha watoto. Basi kila kundi liongeze jogoo ambaye huruka na kuwika kila gurudumu kubwa linapokamilisha mzunguko mmoja. Kwa kazi hii wanafunzi wataunda kigeu, yaani sanduku la kuwekea namba, waliite “pembe”. Mwanzoni pembe ni sifuri. Kila gurudumu linapogeuka nyuzi 5, pembe huongezwa 5. Pembe ikiwa sawa na 360, jogoo huwika na pembe hurudishwa kuwa sifuri. Kwa kuwa 360 gawanya kwa 5 ni 72, jogoo atawika baada ya kila hatua 72, bila kukosa.

Sasa mwalimu aagize jambo dogo: badilisheni 5 ziwe 7, na zile 10 za gurudumu dogo ziwe 14, ili mashine iende upesi zaidi. Wabashiri kwanza. Wote watasema jogoo atawika mara kwa mara zaidi kuliko awali. Bendera ikibonyezwa, magurudumu yatakwenda upesi kama walivyotaka, lakini jogoo hatawika kamwe.

Makundi yaachwe yatafute sababu. Watakaojumlisha kwa penseli wataiona: 7 mara 51 ni 357, na 7 mara 52 ni 364. Pembe iliiruka 360 bila kuikanyaga, na jogoo aliyeambiwa awike itakapokuwa sawasawa na 360 anangoja mpaka sasa. Dawa yake ni kubadili sharti, jogoo awike pembe itakapozidi 359.

Kwa madarasa ya juu pana fundisho jingine nyuma ya hili. Kundi lililokwisha kubadili sharti, lakini bado linairudisha pembe kuwa sifuri kila mara, linatupa nyuzi 4 katika kila mzunguko. Jogoo atakapokuwa amewika mara 90, gurudumu litakuwa limezunguka mara 91. Anayetaka kukiri jogoo wake awe mkweli asirudishe pembe kuwa sifuri, bali atoe 360 na kubakiza masalio. Wanafunzi hulifurahia jambo hili, kwa kuwa kosa lisiloonekana kwa macho limekamatwa kwa hesabu.

Matatizo yanayotokea

Tatizo la kawaida ni gurudumu kuyumba badala ya kuzunguka mahali pamoja. Hutokea mchoro usipowekwa juu ya alama ya kitovu katika ubao wa kuchorea wa programu. Mwalimu asilifute upesi. Gurudumu linalozunguka nje ya kitovu chake ni mashine yenye manufaa, kwa sababu hugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kupanda na kushuka. Mwanafunzi anayelalamika kwamba gurudumu lake limeharibika aweza kuulizwa: je, likisukuma kijiti kilichosimama juu yake, kijiti kitafanyaje?

Tatizo la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa mwalimu. Katika mazoezi ya kufundisha hutokea mwanachuo akaandaa mashine yake nyumbani, akaionyesha, kisha akawaagiza wanafunzi wanakili vipande kimoja kimoja kutoka ubaoni. Kipindi huisha vizuri. Kila kompyuta ina magurudumu yanayozunguka, na mgeni akipita mlangoni ataondoka ameridhika. Lakini waulizwe kwa nini ni 10 na si 5, watajibu kwamba mwalimu ameandika 10. Somo la namna hiyo ni lile lile la mchoro wa ubaoni, ila limegharimu umeme na mashine za bei kubwa. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kurudia kosa ndilo kosa. Mwanafunzi aliyenyimwa nafasi ya kutenda la kwanza atalitenda baadaye, mahali ambapo hana mwalimu karibu.

Tatizo la tatu ni imani kupita kiasi. Wako wanafunzi, na hata watu wazima, wanaochukulia kwamba kinachoonekana katika kioo cha kompyuta ni kweli. Mashine hii ni dawa ya imani hiyo. Iliwaonyesha meno yakipita ndani ya meno bila kusita wala kutoa onyo lolote. Kompyuta ilitii agizo la uongo kwa utulivu ule ule iliotii agizo la kweli. Mwanafunzi aliyekwisha kuliona jambo hili kwa mikono yake ataulizia, siku atakapoonyeshwa grafu au hesabu iliyotoka katika kompyuta, ni nani aliyeipa maagizo na alijua nini.

Upimaji

Tunashauri mwalimu asitoe alama kwa uzuri wa michoro. Kati ya alama 20, ubashiri ulioandikwa kabla ya kila jaribio upewe 5, maelezo ya tofauti kati ya ubashiri na matokeo yapewe 8, mashine yenyewe ipewe 4, na ulinganisho wake na baiskeli upewe 3. Kwa mgawanyo huu, kundi ambalo jogoo wake hakuwika, lakini likaeleza sawasawa kwa nini hakuwika, litapata alama nyingi kuliko kundi lililonakili jogoo awikaye.

Swali la mwisho liwe moja na lijibiwe na kila mwanafunzi peke yake: “Taja jambo moja ambalo mashine yako ya kuigiza yaweza kulifanya na baiskeli haiwezi, na jambo moja ambalo baiskeli hulifanya na mashine yako hailifanyi.” Majibu yatamwonyesha mwalimu nani ameelewa. Atakayesema kwamba baiskeli huchoka kwa msuguano, cheni ikalegea na meno yakalika, na ile ya kuigiza haichoki, huyo ameanza kuona mpaka uliopo kati ya kitu na mfano wa kitu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mashine ya kuigiza ni chombo cha kupimia uelewa, kwa sababu haimsaidii mwanafunzi kwa siri kama chuma kinavyomsaidia fundi. Alichokielewa kitazunguka, na asichokielewa kitapita kama moshi. Kazi ya mwalimu ni tatu: kuleta kitu halisi kwanza, kudai ubashiri kabla ya bendera kubonyezwa, na kuzuia ulimi wake wakati darasa linapotafuta. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, hasa kwa mwanachuo mpya anayetazamwa na mkufunzi wake. Nasi wakufunzi tutamrahisishia endapo, tunapokaa nyuma ya darasa na fomu zetu za tathmini, hatutamkata alama kwa dakika zile ambazo mashine ilikataa kwenda na wanafunzi walikuwa wakibishana kwa nini.